Upande wa Pili Kwanza

Kuna watoto huzaliwa wakilia. Yeye, kwa maneno ya shangazi yake, alizaliwa akibisha. Mkunga alitangaza mtoto wa kiume, naye akapiga kelele mpaka mkunga akaangalia tena. Shangazi mwenyewe hakuwepo siku hiyo, lakini hilo halijawahi kumzuia kuisimulia. Mtaani wakampachika jina la Cherehani, maana mdomo wake ukianza kushona hausimami mpaka uzi uishe, na uzi wenyewe hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alisimamia kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Fundi akija kutaka misumari ya inchi tatu, Cherehani atamuuliza ya nini, atamwambia ya inchi mbili na nusu inatosha, watabishana mpaka foleni ifike mlangoni, na fundi ataondoka na ya inchi mbili na nusu akicheka peke yake njia nzima. Mwenye duka aliwahi kufikiria kumfukuza kwa ajili ya hizo foleni. Akabishiwa, naye akaacha.

Ugonjwa huo wa kubisha aliambukizwa na baba yake. Mzee alikuwa dereva wa kreni katika yadi ya makontena. Miaka thelathini alikaa juu kwenye kibanda cha kioo, peke yake, hana wa kusema naye ila redio ya upepo iliyomwambia pandisha, shusha, simama. Jioni aliteremka na maneno ya siku nzima yamemjaa mpaka kooni. Mama yake Cherehani alikuwa amefariki mapema, shangazi akahamia pale kulea, na baba akatunga sheria moja ya nyumba iliyowashinda majirani kuielewa: ukitaka kitu, kwanza utetee kwa nini usipewe. Upande wa pili kwanza.

Akiwa na miaka tisa Cherehani alitaka baiskeli. Akasimama mbele ya kiti cha baba, mikono nyuma.

"Nisipewe, kwa sababu naweza kuanguka," akasema.

"Mengine?"

"Basi."

"Umeupunja upande wa pili. Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alirudi amejaa. Akaeleza mteremko wa mtaa wao na breki zinazochoka, akaeleza madereva wa malori wasioona vitu vifupi, akaeleza vyombo ambavyo shangazi angeviosha peke yake wakati mwenzake anazunguka na upepo. Aliuelezea mguu uliovunjika kwa ufundi hata shangazi akaanza kulia jikoni. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno aliyoyasema kila mara upande wa pili ukishapewa haki yake: "Sasa sema unachotaka."

"Nataka baiskeli."

Akaipata. Na alipofika miaka kumi na tisa, akataka kuacha chuo aolewe na mpiga saksafoni mmoja mwenye viatu vyeupe, alitetea upande wa pili kwa nusu saa nzima. Baba akasema, "Sasa sema unachotaka." Cherehani akafungua mdomo, akatafuta, hakukuta kitu. Mpiga saksafoni akaenda zake na viatu vyake.

Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, kijiko kilianza kumponyoka mzee mkononi. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Ugonjwa utachukua mikono, kisha miguu, kisha koo, kisha pumzi. Ulikuwa umeshachukua viwili vya kwanza na ulikuwa unabisha hodi kwa cha tatu. Mzee sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, sauti yake imekonda, chai anainywa kwa mrija. Akili ilikuwa vilevile, kali kama wembe.

Na Jumapili moja asubuhi wembe ulikuwa mkononi mwa Cherehani, anamnyoa ndevu. Povu likiwa nusu ya uso, mzee akasema, "Mwanangu, siku koo likifunga, sitaki kufa nakabwa. Utanisaidia niondoke kabla?"

"Baba, tulia, nitakukata bure," akasema, akacheka kicheko cha uongo. Mzee akamwangalia, akageuza shavu la pili.

Wiki tatu Cherehani aliishi kwa kujifariji na jambo moja. Baba hakutetea upande wa pili. Kwa sheria ya nyumba, lile halikuwa ombi bado. Lilikuwa neno tu lililomtoka mtu mwenye povu usoni.

Sasa sikia mkosi. Cherehani alikuwa mwanachama wa chama cha mdahalo kilichokutana ghorofa ya juu ya maktaba, watu wa kazi mbalimbali waliopenda kubishana kuliko kulala. Mwaka huo aliingia fainali. Mpinzani wake alikuwa muuguzi wa wodi ya kutuliza maumivu, mwanamke mpole, mzito wa maneno, ambaye akipiga hoja huisikii mpaka umefika nyumbani. Mada ilitolewa: *Sheria imruhusu daktari kumsaidia kufa mgonjwa asiyepona, akiomba mwenyewe.* Pande zilichaguliwa kwa vizibo vya soda ndani ya kofia ya mwenyekiti. Chekundu unatetea, cheupe unapinga.

Cherehani akatia mkono. Chekundu.

"Mheshimiwa, naomba tubadilishane," akasema.

Mwenyekiti, karani mstaafu wa mahakama aliyetembea na kengele yake mfukoni, alimwangalia juu ya miwani. "Kizibo hakibadilishwi, hata ukikilamba."

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Akitetea vizuri, baba atalichukua kuwa jibu: binti yangu amekubali, tena mbele za watu. Na katika nchi ile, anayemsaidia mwenzake kufa hufungwa, hata kama aliombwa kwa maandishi na kwa machozi. Lakini kifungo sicho kilichomnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kwamba hakujua jibu lake. Na akitetea vibaya makusudi, mzee ataling'amua kwenye sentensi ya tatu, yeye aliyemfundisha. Ilibaki njia moja tu, mzee asihudhurie. Cherehani akatangaza nyumbani kwamba fainali imeahirishwa hadi mvua ziishe.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa fupi kwa kipimo cha robo kilo. Dukani walifungia misumari kwa karatasi yoyote iliyokuwapo, na karatasi iliyokuwapo wiki hiyo ilikuwa mabango ya mdahalo yaliyobaki, aliyoyaleta Cherehani mwenyewe. Alhamisi akapima misumari robo kilo ya kukazia ubao wa kupitishia kiti cha baba mlangoni, akaifunga kwa mkono uliozoea huku akibishana na mteja, akaenda nayo nyumbani. Shangazi akaifungua.

"Mbona hapa wanasema Jumamosi hii, saa tisa alasiri?" akauliza. "Na huyu kwenye picha si wewe? Wamekunyoosha pua."

Mzee akasema, "Shati langu la bluu limefuliwa?"

Jumamosi ukumbi ulifurika. Waliokosa viti walikaa kwenye madirisha, wengine wakajipanga ukutani chini ya saa, na mafundi wa mtaa mzima walikuja kumshangilia muuza misumari wao kama timu ya mpira. Shangazi alimsukuma mzee mpaka mstari wa mbele, akamfungia mrija wa maji kwenye mkono wa kiti, akaanza kuwaambia watu wasimkanyage. Cherehani akamwona, na shati la bluu. Akajikaza kisabuni.

Kengele ikalia. Na ninyi mnaomfahamu mtu wa aina hii mnajua kilichotokea: alipofungua mdomo, hofu ikakimbia. Cherehani hakujua kupunja.

"Leo hii," alianza, "sheria yetu inamruhusu mgonjwa kukataa dawa. Inamruhusu kukataa upasuaji. Inamruhusu kukataa mashine ya kupumulia, na akiikataa atakufa, na daktari atasimama pale, na hakuna atakayemkamata. Kwa hiyo kifo tumekwisha kukiruhusu, ndugu zangu. Tulichokataza ni kifo cha haraka. Niambieni, ni nani aliyetuambia kwamba polepole ndiyo halali?"

Mafundi wakapiga miguu sakafuni. Akaendelea: madaktari wawili wasiofahamiana, siku za kusubiri, shahidi asiyerithi hata sufuria. Akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi kumwambia mtu avumilie maumivu yaliyo kwenye mwili wa mwingine. "Mwili ni nyumba ya mtu," akasema. "Tunaweza kumsihi asitoke. Tunaweza kukaa naye mpaka asubuhi. Lakini nani kati yetu ana haki ya kumfungia mlango kwa nje?"

Ukumbi ukalipuka. Alikaa na raha na woga, vyote viwili, hajui kipi ni kipi. Hakuthubutu kumtazama baba.

Muuguzi alisimama taratibu. Alisema amekaa na wanaokufa kwa miaka kumi na mbili, na wengi waliomwomba awamalize walikuwa wanaomba kitu kingine: dawa ya maumivu iliyopimwa sawasawa, mtu wa kushika mkono, uhakika kwamba hawatakufa wanatapatapa. "Koo la mgonjwa likiziba, tunazo dawa za kuondoa hofu ya pumzi," akasema. "Si za kuua. Ni za kutuliza. Nusu ya wanaozihitaji hawajui zipo. Tuwape hizo kwanza, ndipo tuwaulize tena." Akakaa. Watu walipiga makofi ya heshima.

Ikafika zamu ya ukumbi. Kila anayetaka kusema alipewa dakika moja. Walisema watatu. Kisha mkono wa kushoto wa mzee, uliobaki kidogo na nguvu, ukainuka kwa shida kutoka kwenye kiti kama mzigo unaoning'inia kwenye waya.

"Mzee pale mbele," akasema mwenyekiti.

Shangazi akamshikia kipaza sauti. Ukumbi ukatulia, maana sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, na kila neno lilipanda ngazi kabla ya kutoka.

"Mimi ndiye mgonjwa mnayemzungumzia," alisema mzee. "Napinga."

Cherehani akainua kichwa.

"Leo naamka, niko hai. Hakuna anayeniuliza kwa nini. Mkiniwekea huo mlango wazi... basi kila asubuhi nitakayoamka, nitakuwa nimeamua kubaki. Dada yangu atanilisha, na mimi nitakuwa nimemchagulia kunilisha. Binti yangu atachelewa kazini, na mimi nitakuwa nimemchelewesha kwa hiari yangu. Nitaanza kujieleza. Mtu hapaswi kujieleza kwa nini bado yupo."

Dakika ikaisha. Mkono wa mwenyekiti ulikwenda kwenye kengele.

"Muache aseme!" akapiga kelele fundi mmoja dirishani, na ukumbi mzima ukaitikia, "Muache! Muache!" Mwenyekiti, mtu ambaye hakuwahi kumwongezea hata jaji sekunde mbili, akairudisha kengele mfukoni.

"Nilikuwa dereva wa kreni," mzee aliendelea. "Mzigo ukiwa hewani, dereva hashuki. Zamu imeisha, hashuki. Mvua, hashuki. Kwa sababu huo mzigo uko juu ya vichwa vya watu. Na mimi niko juu ya vichwa vya hawa wawili. Halafu... huyo atakayenisaidia. Mimi nitakuwa nimekwenda, nimepumzika. Yeye atabaki na ile mikono. Ataoshea nayo vyombo. Atahesabia nayo misumari. Sheria inaweza kumsamehe. Mikono je?"

Zikaja kelele ambazo maktaba ile haikuwahi kuzisikia, na mtunza vitabu wa chini alipanda mbio akidhani dari imeanguka. Watu walisimama. Wengine walilia hadharani bila haya. Muuguzi mwenyewe, ambaye hoja yake ilikuwa imebebwa begani na mgonjwa, alikuwa amefunika mdomo. Majirani wa Cherehani walimpigapiga mgongoni: pole, mama, baba yako kakumaliza. Wote walifurahi kwamba mzee ameukataa mlango ule, na wakaona jambo limekwisha.

Ni Cherehani peke yake aliyekaa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kwa sababu ni yeye peke yake, ukimtoa shangazi, aliyeijua sheria ya nyumba. Upande wa pili kwanza. Na mzee hakuupunja. Aliutetea mpaka neno la mwisho, kama mtoto wa miaka tisa aliyerudi wiki ya pili. Baba yake hakuwa amekataa. Baba yake alikuwa ameomba, rasmi, mbele ya mashahidi mia mbili wasiojua wanashuhudia nini, na sasa anasubiri aulizwe.

Kura zikapigwa kwa mikono, za ufundi wa hoja na si za mada yenyewe. Upande wa kutetea ukashinda kwa kura nne. Hata mzee, pamoja na kusema vizuri namna ile, hakuweza kuushinda mdomo wa binti yake, na mafundi walimnyanyua Cherehani juu juu pamoja na kombe lake. Alipiga mateke mpaka wakamshusha. Akapenya katikati ya watu, akamwita muuguzi kwa mkono amfuate, akamkuta baba kwenye korido karibu na lifti, shangazi anamfuta jasho.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Kombe akaliweka sakafuni.

"Sasa sema unachotaka," akasema.

Mzee alimtazama kwa macho yaliyong'aa, macho ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameona kilichofichwa. Shangazi aliacha kufuta.

"Nataka unisaidie," alisema mzee. "Siku koo likifunga."

Cherehani alikuwa amepita wiki tatu akilitafuta jibu kwenye vitabu vya maktaba, kwenye foleni ya duka, kwenye dari ya chumba chake. Alilikuta pale, tayari, na lilikuwa dogo.

"La, Baba."

Katika nyumba ile haijawahi kutokea mtu akatetea upande wa pili kikamilifu, kisha akanyimwa.

"La," akarudia, na machozi yakaanza, na mdomo nao, maana cherehani ni cherehani. "Mashine hawatakuwekea kama huitaki, hiyo ni haki yako tayari, tutaiandika Jumatatu na nitasimama nayo mlangoni mwa wodi, nione nani atapita. Huyu dada hapa atakuja nyumbani na dawa zake, hutakabwa, nimemsikia kwa masikio yangu na nitambana nalo mpaka achoke. Sheria wakiibadilisha waibadilishe, nimeitetea, kombe hili hapa. Lakini mkono wangu, la. Na hutaniomba tena, na mimi sitakuuliza. Ukiamka, umeamka tu. Hutajieleza kwa mtu."

Muuguzi akachuchumaa kando ya kiti, akamshika mzee kifundo cha mkono kama anayehesabu mapigo, ingawa hakuwa anahesabu. "Nitakuja, mzee wangu," akasema. "Nikichelewa huyu atanila nyama."

Mzee alifumba macho. Kifua kilipanda, kikashuka. Walipoona midomo yake inacheza walidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, kile kicheko chake cha zamani cha kuteremka kwenye kreni.

"Niliogopa," alisema, "utasema ndiyo."

"Baba!"

"Niliogopa mpaka shati limelowa. Ungesema ndiyo, ningelazimika kuchagua siku." Akatafuta pumzi, akaipata. "Ila wiki tatu, mwanangu... kwa jibu la neno moja?"

Shangazi akasema yeye hajaelewa hata nukta, ila kama ugomvi umekwisha basi kiti kimefunga breki na lifti inawasubiri. Cherehani akaifungua breki. Nyuma yao ukumbi ulikuwa bado unanguruma, watu wanabishana kwenye ngazi, fundi wa dirishani anaurudia mdahalo wote peke yake. Muuguzi alibeba kombe.

Mlango wa lifti ulipofunguka, mzee aliinua kidole kimoja.

"Nataka chai," akasema.

Cherehani, kwa mazoea ya maisha yake yote, akasimama kusubiri kwa nini asipewe.

"Hapana," alisema mzee. "Hii naitaka tu."